Mtoto Anayesoma Kitabu Kikiwa Kimefungwa

Kila mwisho wa muhula wa kwanza hakosekani mtoto, aghalabu wawili watatu, anayesimama mbele ya wenzake akafungua kitabu cha kusomea na kukimaliza bila kukwama. Sauti inatoka vizuri, kidole kinatembea, kurasa zinageuzwa kwa wakati wake. Wazazi wanapiga makofi. Sasa kichukue kitabu kile kile, kifunge, umwambie aendelee. Anaendelea! Kidole kilikuwa kinatembea tu, na picha ndizo zilizokuwa zikimkumbusha amefika wapi.

Sisi tunaoshinda na watoto wa darasa la kwanza na la pili tumedanganywa na sauti hiyo mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri. Hasara yake si ndogo. Mtoto anapita muhula mzima, pengine mwaka, akihesabiwa kuwa anajua, hadi darasa la tatu vitabu vinapokuwa virefu mno kukaririka. Hapo ndipo anapoitwa mvivu, na asubuhi za kuumwa tumbo lisilo na ugonjwa zinaanza. Yafuatayo ni mwendo wa mwaka huo wa kwanza kama unavyotokea, na sehemu ambazo watu wazima huteleza.

Utelezi wa kwanza ni wiki zile za mwanzo, na chanzo chake ni wimbo wa alfabeti. Mtoto anaingia darasani akiimba herufi zote kwa mpigo, na mzazi anaamini nusu ya kazi imekwisha. Mwonyeshe k iliyo peke yake katikati ya karatasi. Mara nyingi utamsikia akianza tena kutoka a, chini chini, mpaka aifikie. Anaujua wimbo, herufi bado. Na majina yenyewe yanamponza. Mwambie aunganishe "em" na "a", atakupa "ema". "Be" na "a" atakupa "bea". Hajakosea hata kidogo, ameunganisha alichopewa.

Anachohitaji ni sauti. M ni midomo iliyofungwa na mlio unaopitia puani, "mmm", bila e mbele wala u nyuma. Anza na sauti zinazovutika, yaani m, n, s, l, f, z, kwa sababu unaweza kuuvuta mlio hadi ukutane na irabu: mmmaaa. Mtoto anasikia kwa masikio yake jinsi viwili vinavyokuwa kimoja. B, t, k, p na d hazivutiki. Ukizitamka peke yake lazima utazitia kijiirabu, upende usipende. Hizo zipeleke moja kwa moja ndani ya silabi.

Mpango uliotupa matokeo mazuri ni huu: irabu tano kwa wiki moja hadi mbili, kisha m, l, k na t, kabla ya nyingine zote. Piga hesabu. Konsonanti nne mara irabu tano ni silabi 20, na kwa hizo 20 pamoja na irabu zenyewe mtoto anasoma mama, lala, kuku, kiti, meli, kalamu, kamata, tulia. Maneno ya kweli wiki ya nne au ya tano, si muhula wa pili. Anayengoja herufi zote ziishe ndipo aanze maneno anamfanya mtoto abebe matofali miezi minne bila kuona ukuta hata mmoja.

Kiswahili kina upendeleo hapa. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha ulinganisho wa watoto wa darasa la kwanza katika lugha 13 za Ulaya: wale ambao lugha zao zinaandikwa jinsi zinavyotamkwa, kama Kifini, walikuwa wanasoma karibu bila makosa mwisho wa mwaka wa kwanza, ilhali wa Kiingereza walikuwa nyuma sana. Kiswahili kinaandikwa kwa tabia ya Kifini. Kwa hiyo mtoto wa Kiswahili anayefika mwisho wa mwaka bila kuunganisha silabi mbili tusimfunike kwa "atakua tu". Kuna kitu, na kinatafutwa.

Basi tunaingia kwenye silabi, na hapo kuna mtego wa pili, huu wa kienyeji kabisa: ba, be, bi, bo, bu. Darasa zima linaimba, ubao unagongwa, raha mustarehe. Lakini mpangilio ukiwa ule ule kila siku, mtoto anasoma mahali, hasomi herufi. Cha kwanza ni ba, cha mwisho ni bu, hata ukiandika nini. Jaribu kuandika bo, ba, bu, be, bi. Nusu ya darasa itaimba ba, be, bi, bo, bu kama jana.

Dawa ni kadi. Kata karatasi ngumu, kadi moja silabi moja. Kwa kikao kimoja kadi kumi zinatosha: saba anazozijua na tatu mpya. Zichanganye kila mara. Kadi asiyoitamka ndani ya sekunde tatu hivi haijakolea, hata kama hatimaye ameipata. Irudi kwenye fungu la kesho. Iliyokolea mwonyeshe tena baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, ndipo uiamini. Kosa la kawaida ni kumpa mpya kumi kwa wakati mmoja kwa kuwa leo ana ari. Kesho yake zote zimechanganyika, na zile saba za zamani zimetikisika.

Kadi zikishafika ishirini, mchezo wa kubadilisha kimoja ndio unaomaliza kazi. Panga ka-ta. Badilisha cha pili: ka-ti. Sasa cha kwanza: ki-ti. Halafu ku-ti, ku-ta. Mtoto analazimika kuangalia palipobadilika, na anagundua kuwa kitu kidogo kile nyuma ya k ndicho kinachotenganisha kiti na kuti.

Makofi ya silabi nayo yana siri ambayo wengi hatukuiona hadi watoto walipotuonyesha. Tunasema "piga kofi kwa kila silabi", tunatoa mbuzi: mbu-zi, makofi mawili. Vizuri. Kisha mbu, mdudu. Mtu mzima anapiga moja, mtoto anapiga mawili, anarekebishwa. Mtoto ndiye aliye sahihi. M ya mbu inasimama peke yake na kubeba mkazo, sawa na m ya mtu na n ya nchi. M ya mbuzi haisimami, imeng'ang'ania b. Sema kwa sauti "njia mbaya", halafu "mtu mbaya", usikilize midomo yako: ya kwanza ni mba-ya, ya pili ni m-ba-ya. Huna haja ya kumfundisha mtoto sarufi hiyo. Usimharibie tu sikio lililo sawa. Hili ndilo linalosababisha mwandiko kama "mutoto" na "buzi": wa kwanza ameisikia m ikisimama akaipa irabu, wa pili ameisikia ikiyeyuka akaiacha. Makosa mawili tofauti, na kila moja lina zoezi lake.

Ng' na ng zinahitaji wiki yao wenyewe, ng'oa na ngoma zikiwekwa jirani, na kile kitone cha juu kikiandikwa kikubwa kwa rangi nyingine. Mw, kw, ny, sh zinakwenda haraka kuliko tunavyohofia.

Kuhusu matamshi, usichanganye ulimi na jicho. Mtoto ambaye nyumbani kila mtu anasema l mahali pa r atasoma "rangi" kama "langi" akiwa ameiona r vizuri kabisa. Mwombe akuonyeshe rangi kati ya kadi za rangi na langu. Akichagua sawasawa, amesoma. Na mwenye miaka sita au saba aliyeng'oka meno ya mbele ataipuliza s na th vyovyote vile. Mwache meno yaote.

Turudi kwa yule wa kitabu kilichofungwa. Anatambulika kwa dakika mbili. Funika picha kwa kiganja. Chagua neno lililo katikati ya mstari, umuulize hili ni neno gani. Anayekariri atarudi mwanzo wa sentensi na kuisema yote kimoyomoyo hadi alifikie. Kisha mwombe asome mstari kutoka neno la mwisho kurudi la kwanza. La mwisho, lenye haki kuliko yote: chukua maneno ya kitabu hicho hicho, yaandike kwenye karatasi kwa mpangilio mwingine. Kama kitabu kinasema "Baba ameleta meza mpya", andika "Meza ya baba ni mpya." Anayesoma atadonadona lakini atafika. Anayekariri atakutazama usoni, si kwenye karatasi. Macho yale yanayoinuka kutafuta jibu usoni mwako ndiyo dalili ya wazi kuliko zote.

Ukishajua, usimwaibishe. Kukariri kitabu ukipendacho ni hatua ya kawaida, na mtoto hakudanganya mtu. Ni sisi tulioita kule kukariri kusoma. Zinakili sentensi zake kwenye vipande virefu vya karatasi, zikate neno moja moja, azipange upya. Kumbukumbu yake inamsaidia kujua sentensi iweje, na jicho lake sasa lina kazi.

Kuna ushauri mmoja tuliutoa miaka mingi na tunaujutia: "Angalia picha, ubahatishe." Unaonekana wa huruma. Unachofundisha ni kuliacha neno na kutafuta pengine. Mtoto akikwama, ngoja, hesabu tano kimya. Bado amekwama? Funika neno kwa kidole na ulifunue silabi moja moja: ka… kala… kalamu. Akilipata, arudi mwanzo wa sentensi aisome yote, kwa kuwa njiani maana imeshamwagika. Kumtajia neno ni haraka zaidi, na ndiyo sababu kila mtu aliyechoka jioni hulitaja.

Muhula wa pili mwandiko unaingia kwa nguvu, na b na d zinaanza kubadilishana nyumba. Wazazi wanaogopa. Hadi miaka saba hivi, kuandika herufi kinyume ni jambo la kawaida kabisa. Maisha yake yote mtoto amejifunza kuwa kikombe ni kikombe, mkono wake ukielekea kushoto au kulia. Ghafla anaambiwa kuna vitu duniani ambavyo vikigeuzwa upande vinabadilika jina. Inachukua muda kukubali. Kosa letu ni kuzifundisha b na d siku moja "ili aone tofauti". Ziache mbali kwa wiki kadhaa, b ikolee kwanza. Na zifundishwe kwa mwendo wa mkono, si kwa umbo: b inaanza na mstari wa kushuka ndipo tumbo, d inaanza na tumbo, kama unavyoanza a, ndipo mstari. Herufi a, c, d, g na o zote zinaanza pembeni juu, upande wa kulia, zinazunguka kwenda kushoto. Mtoto anayezianzia chini atazipata kwa umbo, lakini mwaka unaofuata mkono utachelewa.

Penseli ndefu mpya si zawadi kwa mkono mdogo. Kipande kifupi, cha urefu wa kidole, au kibutu cha chaki, hakiachi nafasi ya kukishika kwa ngumi. Kidole gumba na cha shahada vinabana vyenyewe na cha kati kinategemeza. Miguu iguse chini, au weka kitu chini yake. Kwa mashoto, daftari liinamishwe hadi kona yake ya juu kushoto iwe juu zaidi, na penseli ishikwe mbali kidogo na ncha ili aone anachoandika. Mkono wake usibadilishwe.

Kila siku imla ya maneno matano. Matano tu. Anapokosea usifute: msomee alichokiandika jinsi alivyokiandika, na mara nyingi atacheka na kukirekebisha mwenyewe.

Hesabu nayo ina kasuku wake. Mtoto anahesabu hadi mia bila kupumua. Mpangie vifuniko saba vya chupa, ahesabu. Akimaliza, uliza: "Viko vingapi?" Akianza upya, moja, mbili, tatu, basi kwake kuhesabu bado ni shairi linalosemwa mbele ya vifuniko. Hajajua kwamba namba ya mwisho ndiyo jibu la wote. Watafiti Rochel Gelman na C. R. Gallistel waliieleza kanuni hii mwaka 1978 pamoja na nyingine kama ile ya kitu kimoja neno moja. Jaribio gumu zaidi ni kumgeuzia: "Nipe vitano." Wengi wanaohesabu vizuri wanakumba konzi nzima wakakupa.

Lugha yetu inamsaidia mtoto na kumkwamisha hapo hapo. Anakariri mbili, kisha anaambiwa vifuniko viwili, mawe mawili, watoto wawili; lakini sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki popote. Akisema "mawe mbili" hajakosea hesabu. Kumi na moja, kumi na mbili ziko wazi kama mchana: kumi, na moja juu yake. Lakini ishirini haimkumbushi mbili, thelathini haimkumbushi tatu, wala arobaini nne. Sitini, sabini na tisini ndizo pekee zinazonong'ona asili yake. Ndiyo maana anafika ishirini na tisa, anavuta pumzi, na kusema "ishirini na kumi". Ana mantiki kuliko tunavyompa. Funga vijiti kumi kumi kwa mpira, aone kuwa thelathini ni mafungu matatu, ayashike. Majina ya makumi yaje juu ya mafungu.

Na yule anayeandika 103 kwa kumi na tatu ameandika alichosikia: kumi, na tatu. Kumwekea alama nyekundu ya kosa hakumfundishi. Tengeneza kadi ya 10 na kadi ya 3 yenye upana wa nusu yake. Iweke 3 juu ya ile sifuri, iifunike. Mwinulie aone sifuri bado ipo chini. Mara tatu nne, inatosha. Vidole vyake viache. Mtoto anaacha kuvitumia mwenyewe vikianza kumchelewesha.

Baadaye mwakani, anayesoma kweli anaanza kututega kwa njia mpya: anasoma kila kitu na haelewi. Kiswahili kinaruhusu hilo kuliko lugha nyingi, kwa kuwa ukijua silabi unatamka chochote. Watafiti Gough na Tunmer waliweka jambo hili mwaka 1986 kwa mfano wa kuzidisha: kusoma ni kufumbua maandishi mara kuielewa lugha. Mojawapo ikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Na maswali yetu hayamkamati. Soma hii: "Kibuti alidobeza mitefu." Nani alidobeza? Kibuti. Alidobeza nini? Mitefu. Umepata alama zote na hujui umesoma nini. Uliza yasiyo kwenye mstari: kwa nini alifanya hivyo, nini kitafuata, wewe ungefanyaje. Mwache ajibu kwa lugha ya nyumbani kama Kiswahili ni cha pili kwake. Hapo utajua kilichokosekana ni hadithi au ni maneno. Silabi zikishakuwa sawa, anayekosa maneno hatibiwi kwa kadi zaidi. Anatibiwa kwa kusimuliwa na kusomewa kila siku.

Kabla ya kumhukumu yeyote, masikio na macho. Baada ya mafua, majimaji yanaweza kubaki nyuma ya ngoma ya sikio kwa wiki kadhaa bila maumivu. Mtoto anasikia irabu, sauti nyembamba kama s, f na t zinampotea, na anaonekana mkaidi. Simama nyuma yake umbali wa mkono, nong'ona neno, alirudie. Fanya hivyo mara chache, upande huu na ule. Anayekosa apelekwe kupimwa. Vivyo hivyo anayefinya macho, anayeinamisha kichwa upande mmoja, anayeruka mistari au mwenye kengeza: mapema, kwa kuwa jicho lililozoea kutotumika hurekebika vizuri zaidi utotoni. Na usingizi. Kuanzia miaka 6 hadi 12 mtoto anahitaji saa 9 hadi 12 kwa siku. Tumeona mazoezi ya ziada ya saa tatu usiku yakichukua saa moja ya usingizi ili kurudisha neno moja.

Nyumbani dakika 15 zinatosha: tatu za kadi, saba za kusoma, zilizobaki imla au mazungumzo. Saa ile ile, kabla hajachoka, na uache akiwa bado anataka. Zile jioni za saa nzima zenye machozi, sauti ikipanda na mtoto wa jirani akitajwa, hazikumfundisha mtoto herufi. Zilimfundisha kukaa mbali na kitabu, na kuliondoa hilo kulichukua muda mrefu kuliko herufi zenyewe.

Siku ya kuiandika kwenye daftari lako haina makofi. Mtoto anasoma sentensi asiyowahi kuiona: "Bibi alikalia kiti." Anasema, "Bibi alilalia kiti." Anasita. Uso unakunjamana. Macho hayakuinuka kukutafuta. Yamerudi kwenye neno. "Ali… alika… alikalia." Mdomo wako ulikuwa umeshafunguka kumsahihisha. Ufunge, umgeuzie ukurasa.